Mstari wa Ramani na Uzito wa Kura Yako

SOMO LA URAIA

Tukitaja hila za uchaguzi, wengi wetu tunafikiria siku ya kupiga kura: masanduku, fomu za matokeo, sajili ya wapiga kura, na watu wanaozunguka usiku na pesa mfukoni. Kuna hila nyingine isiyogusa hata karatasi moja ya kura. Hufanyika ofisini, miaka kadhaa kabla ya uchaguzi, kwa kalamu na ramani. Anayeamua mpaka wa eneo bunge au wadi upite wapi anaamua pia nani atapiga kura pamoja na nani. Kura haihesabiwi peke yake. Nguvu yake hutegemea majirani uliowekwa nao.

Somo la toleo hili linaeleza jinsi hila hiyo inavyofanya kazi, ilivyowaumiza wapiga kura walio wachache nchini Marekani, ambako ndiko ilikopata jina, na njia ambazo Katiba ya Kenya inampa mkazi ili ajilinde.

Jina lilikotoka

Mwaka 1812, gavana wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani alikuwa Elbridge Gerry. Alitia sahihi sheria iliyochora upya maeneo ya kuchagua maseneta wa jimbo kwa namna iliyokipendelea chama chake. Eneo moja katika kaunti ya Essex lilipindapinda kiasi kwamba gazeti moja la mji wa Boston lilichapisha mchoro wake likauongezea mabawa na makucha. Ukafanana na salamanda, mnyama aliye kama mjusi. Jina la gavana likaunganishwa na la mnyama, likawa neno ambalo kwa matamshi yetu ni jerimanda.

Katika uchaguzi uliofuata, chama pinzani cha Federalist kilipata kura nyingi kidogo kuliko chama cha gavana katika jimbo zima. Hata hivyo kilipata viti 11 vya seneti, nacho chama cha gavana kikapata 29. Gerry mwenyewe alishindwa mwaka huohuo, kwa sababu gavana huchaguliwa na jimbo zima, na hapo hapakuwa na mipaka ya ndani ya kuchezewa.

Hila mbili: kutawanya na kurundika

Chukua kalamu na karatasi ufuate hesabu hii. Eneo hili ni la kubuni.

Kuna vijiji 25, na kila kijiji kina wapiga kura 100. Vijiji 15 hupigia Chama cha Chungu, na vijiji 10 hupigia Chama cha Kikapu. Vijiji hivyo vitagawanywa katika wadi 5, kila moja ikiwa na vijiji 5. Kila wadi itakuwa na wapiga kura 500, hakuna iliyopunjwa. Kwa kuwa Kikapu ina wafuasi wawili katika kila watano, tungetarajia ipate viti viwili, na Chungu vitatu.

Sasa mpe kalamu mfuasi wa Chungu. Anaweka katika kila wadi vijiji 3 vya Chungu na 2 vya Kikapu. Chungu inashinda wadi zote 5. Wapiga kura 1,000 wa Kikapu wanabaki bila mwakilishi hata mmoja. Hila hii ni kutawanya: watu wa upande mmoja wanakatwa vipande ili wawe wachache kila mahali.

Mpe kalamu mfuasi wa Kikapu. Anachukua vijiji 9 vya Chungu na kijiji 1 cha Kikapu na kuvijaza katika wadi 2. Vijiji vilivyobaki, 9 vya Kikapu na 6 vya Chungu, anavigawa katika wadi 3, kila moja ikiwa na 3 vya Kikapu na 2 vya Chungu. Matokeo: Kikapu viti 3, Chungu viti 2. Walio wachache wametwaa bunge. Hila hii ni kurundika: wapinzani wanasongamanishwa katika maeneo machache, washinde huko kwa kura nyingi zisizohitajika, wakose kwingine kote.

Vijiji ni vilevile, watu ni walewale, na kila mtu alipiga kura alivyotaka. Kilichobadilika ni mstari tu. Tena hakuna wadi iliyokuwa kubwa kuliko nyingine. Kumbuka jambo hilo, kwa maana ndilo kiini cha somo hili: usawa wa idadi peke yake hauzuii jerimanda.

Kwa nini walio wachache huumia zaidi

Mahali ambapo watu wa jamii moja wanaishi karibu karibu na wana kawaida ya kupiga kura kwa pamoja, mchoraji wa mipaka hahitaji kubahatisha. Akijua mtu anaishi wapi, anajua kura yake itaelekea wapi. Jamii kubwa hata ikikatwa vipande viwili inaweza kubaki na nguvu katika vyote viwili. Jamii ndogo ikikatwa mara moja, imekwisha.

Matokeo yake hayaishii siku ya uchaguzi. Mwakilishi anayejua kwamba hahitaji kura zenu hana sababu ya kufika kwenu. Barabara, zahanati na bwawa la maji huelekezwa kwingine. Mahali ambapo chama kimoja kina uhakika wa kushinda, shindano la kweli huwa lile la mchujo wa chama, na asiye mwanachama wa chama hicho hana sauti hapo. Polepole watu huacha kujitokeza, nao wasiowajua husema kwamba hao hawajali siasa.

Mji wa Tuskegee: pande 28

Mfano wa wazi kabisa ni wa mji wa Tuskegee, katika jimbo la Alabama. Miaka ya 1950 watu weusi walikuwa wengi mjini humo, na idadi yao katika sajili ya wapiga kura ilikuwa ikipanda. Mwaka 1957 bunge la jimbo lilibadilisha mpaka wa mji. Mji uliokuwa na umbo la mraba ukawa na umbo la pande 28. Karibu wapiga kura weusi 400 wakajikuta nje ya mji, wakabaki wanne au watano tu. Hakuna mpiga kura mweupe hata mmoja aliyetolewa. Hakuna nyumba iliyobomolewa wala mtu aliyefukuzwa kwake. Mpaka ndio uliohama.

Wakazi weusi waligoma kununua katika maduka ya wazungu mjini. Charles Gomillion, mwalimu wa chuo cha Tuskegee, na wenzake walikwenda mahakamani. Novemba 1960 majaji wote wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikubaliana kwamba kama hayo yaliyodaiwa ni kweli, sheria ile ilikuwa njia ya kuwanyima watu haki ya kupiga kura kwa sababu ya rangi yao, jambo lililokatazwa na Katiba. Mwaka uliofuata mpaka wa zamani ulirejeshwa.

Mwaka 1964 mahakama hiyo iliamua pia kwamba maeneo ya uchaguzi lazima yawe na idadi ya watu inayokaribiana. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini hesabu yetu ya Chungu na Kikapu imekwisha kutuonyesha pengo lililobaki.

Chama au rangi?

Katika majimbo mengi ya Marekani, bunge la jimbo ndilo huchora mipaka baada ya kila sensa ya miaka kumi. Maana yake ni kwamba wanasiasa wanajichagulia wapiga kura. Mwaka 2016 ramani ya jimbo la North Carolina, iliyochorwa na wabunge wa chama cha Republican, ilikipa chama hicho viti 10 kati ya 13 vya Bunge la Wawakilishi, ingawa kilipata asilimia 53 tu ya kura. Mpaka mmoja ulipita katikati ya chuo kikuu cha North Carolina A&T mjini Greensboro, chuo chenye historia ndefu ya kusomesha watu weusi. Wanafunzi wa chuo kimoja wakawa na wabunge wawili tofauti, na uzito wa kura zao ukagawanyika. Chama cha Democratic nacho kilifanya vivyo hivyo katika jimbo la Maryland mwaka 2011: kilichora upya eneo moja lililokuwa mikononi mwa Republican kwa karibu miaka 20, kikalitwaa katika uchaguzi uliofuata.

Kesi za majimbo hayo mawili zilifika Mahakama ya Juu pamoja. Juni 2019, majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba mahakama za serikali kuu haziwezi kuamua malalamiko kuhusu mipaka iliyochorwa kwa faida ya chama. Mipaka inayobagua kwa rangi ilibaki kuwa jambo la mahakama hizo. Hapo ndipo walio wachache hubanwa: mchoraji hujitetea kwamba alitazama chama, hakutazama rangi. Mahali ambapo rangi na chama huenda pamoja, kuvitenganisha ni kazi ngumu, na mara nyingi mzigo wa kuthibitisha humwangukia mlalamikaji.

Hata hivyo mzigo huo umewahi kubebwa. Alabama ina viti saba katika Bunge la Wawakilishi. Watu weusi ni zaidi ya robo ya wakazi wake, lakini walikuwa wengi katika eneo moja tu kati ya saba. Wakazi walishtaki wakitumia sheria ya haki za kupiga kura ya mwaka 1965, na Juni 2023 Mahakama ya Juu ikawaunga mkono. Bunge la jimbo lilipochora ramani nyingine isiyotimiza agizo, mahakama ikatumia ramani ya mtaalamu wake. Katika uchaguzi wa 2024 maeneo mawili, badala ya moja, yalichagua wabunge weusi. Ushahidi ulioletwa mahakamani haukuwa malalamiko matupu. Walalamikaji walileta ramani mbadala, zenye idadi sawa ya watu, kuonyesha kwamba mgawanyo wa haki uliwezekana.

Vita hivyo havijakwisha. Mwaka 2025 jimbo la Texas lilichora upya mipaka katikati ya muhula wa sensa ili kukiongezea chama cha Republican viti, na wapiga kura wa California wakaidhinisha ramani ya kukiongezea chama cha Democratic. Hivyo ndivyo inavyokuwa kalamu ikiwa mikononi mwa washindani.

Jamii ya Ilchamus na kesi ya Kenya

Hapa kwetu suala hili limewahi kufika mahakamani, na waliolifikisha ni jamii ndogo. Ilchamus huishi kandokando ya Ziwa Baringo. Walikuwa katika eneo bunge la Baringo ya Kati pamoja na jamii iliyowazidi sana kwa idadi. Mwaka 2004 walipeleka ombi katika Mahakama Kuu wakieleza kwamba kwa muda wa miaka 40 hakuna mtu wao aliyewahi kuchaguliwa mbunge, na kwamba kwa mipaka ilivyokuwa, nafasi ya jambo hilo kutokea ilikuwa ndogo mno.

Desemba 2006 mahakama iliamua kwamba Ilchamus ni jamii ya wachache, yenye haki ya kushiriki katika vyombo vinavyoamua mambo ya nchi, na kwamba tume ya uchaguzi izingatie uwakilishi wao itakapopitia mipaka. Katika mipaka iliyotangazwa mwaka 2012, Baringo ilipata eneo bunge jipya la Baringo Kusini, na wadi moja ndani yake inaitwa Ilchamus.

Tusome uamuzi huo kwa makini. Mahakama haikusema kwamba kila jamii ipewe eneo bunge lake; nchi yenye jamii nyingi kama yetu haiwezi kugawanywa hivyo, na kuchora mipaka kwa kabila pekee kungeleta ubaguzi wa aina nyingine. Ilisema kwamba mchoraji wa mipaka hana ruhusa ya kufanya kana kwamba walio wachache hawapo.

Katiba yetu inasema nini

Kifungu cha 89 cha Katiba ya 2010 kimekabidhi kalamu kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC. Kimeweka maeneo bunge 290, kutoka 210 yaliyokuwapo awali. Tume hupitia mipaka ya maeneo bunge kila baada ya muda usiopungua miaka 8 na usiozidi 12, na ndiyo hupitia pia mipaka ya wadi. Kazi hiyo lazima ikamilike angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu.

Kipimo cha kwanza ni idadi ya watu. Kwa idadi iliyotangazwa baada ya sensa ya 2019, watu 47,564,296, wastani wa eneo bunge moja ni takriban watu 164,000. Zingatia kwamba wanaohesabiwa ni wakazi wote, hata watoto, wala si wapiga kura waliosajiliwa tu. Eneo bunge linaweza kuzidi au kupungua wastani huo kwa hadi asilimia 40 ikiwa ni jiji au ni mahali penye watu wachache waliotawanyika, na kwa hadi asilimia 30 kwingineko. Nafasi hiyo imeachwa ili maeneo makavu na mapana yasimezwe, lakini Katiba inaitaka tume iendelee kukaribia usawa. Ndiyo maana Embakasi jijini Nairobi, iliyokuwa imefurika watu, iligawanywa kuwa maeneo bunge matano mwaka 2012.

Idadi si kipimo pekee. Tume huzingatia pia mito, milima na miji. Maslahi ya pamoja ya jamii, historia, uchumi na utamaduni. Na njia za mawasiliano. Hapo ndipo kinga dhidi ya kutawanya na kurundika inapopatikana. Lakini vipimo hivi havionekani katika jedwali la sensa. Kwamba watu wa ng'ambo ya mto hawawezi kuvuka wakati wa masika, au kwamba vijiji vinne hutegemea soko moja na kisima kimoja, ni mambo yanayojulikana na wakazi wenyewe.

Mapitio ya mwisho yalitangazwa Machi 2012. Miaka 12 ilitimia Machi 2024, wakati tume haikuwa na makamishna. Makamishna wapya waliapishwa Julai 2025.

Nani huchora mpaka upi

Wakazi wengi huleta malalamiko ya mipaka katika ofisi za kaunti. Ni vyema kufahamu tofauti. Mipaka ya maeneo bunge na wadi ni kazi ya IEBC. Serikali ya kaunti, gavana au MCA hawezi kuibadilisha. Idadi ya vitengo vya vijiji huamuliwa na bunge la kaunti, kwa hiyo hoja kuhusu vijiji ipelekwe huko. Mpaka wa kaunti na kaunti hubadilishwa kwa utaratibu mrefu zaidi, unaohitaji tume huru na theluthi mbili ya kura katika Bunge la Taifa na katika Seneti.

Wakati wa mapitio ukifika

Katiba inaitaka tume ishauriane na wote wanaohusika. Ukienda kwenye kikao, usiende na kilio pekee. Nenda na ushahidi. Andikeni maoni yenu kwa pamoja, mweleze eneo lenu kwa kutaja kata na kata ndogo, mwambatishe idadi ya watu ya sensa na mchoro unaoonyesha barabara, mto, soko na shule. Kama mnapinga mpaka unaopendekezwa, onyesheni mpaka mbadala ambao haumwibii jirani. Wazee, vijana, wanawake na watu wenye ulemavu watie sahihi pamoja, ili isidaiwe kwamba ni hoja ya mtu mmoja anayetafuta kiti.

Mbele ya ramani yoyote, jiulize maswali manne. Je, idadi ya watu iko ndani ya kiwango cha Katiba? Je, kuna jamii au mtaa uliokatwa vipande bila mto, mlima au sababu nyingine ya wazi? Je, kuna watu waliorundikwa mahali pamoja ilhali majirani zao wako kwingine? Na je, aliyechora anaweza kueleza kila kona hadharani? Umbo la ajabu si kosa lenyewe. Ufuo wa ziwa au ukingo wa msitu hupindapinda. Vilevile mpaka ulionyooka unaweza kuficha hila, kama tulivyoona kwa vijiji vya Chungu na Kikapu.

Uamuzi wa tume huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kuanzia siku hiyo, mtu yeyote ana siku 30 za kuomba Mahakama Kuu iupitie, nayo mahakama inapaswa kuamua ndani ya miezi mitatu. Baada ya uamuzi wa 2012 Wakenya wengi waliutumia mlango huo. Siku 30 ni chache. Kikundi kinachoanza kutafuta takwimu baada ya tangazo kitakuwa kimechelewa, na mpaka unaweza kukaa miaka 12.

Maswali ya kujadili katika baraza au kikundi

1. Rudieni hesabu ya vijiji 25. Mnaweza kuchora wadi 5 ambazo zitaipa Chungu viti 3 na Kikapu viti 2? Ziko njia ngapi?

2. Katika wadi yetu, ni kijiji gani kilicho mbali zaidi na kituo cha huduma? Je, kinaunganishwa na wengine kwa barabara, soko au maji, au kwa mstari wa ramani pekee?

3. Ni jamii au kundi gani lililo chache katika wadi yetu, na mara ya mwisho hoja yao iliingizwa lini katika mpango wa wadi?

4. Tume ikija kesho, nani ataandika maoni yetu, na takwimu zetu ziko wapi?